SOMO: KAZI ZA MIKONO NYUMBANI – ZIWE FURAHA, ZISIWE MZIGO WA PILI



Leo tunataka tuzungumze juu ya kazi ambazo karibu kila nyumba ya huku kwetu inazijua, kutoka Othaya na Tetu mpaka Karatina, Kieni na Nanyuki: kusuka kiondo, kufuma sweta, kushona vitambaa vya viti kwa kroshia na kurekebisha nguo za watoto. Vikundi vikija kututembelea, swali la kwanza huwa ni moja: "Tutauza wapi?" Ni swali zuri, na siku nyingine tutalijibu. Lakini kuna swali jingine ambalo huulizwa mara chache: Kazi hii inakaa vipi na watu wa nyumba? Tumeona nyumba ambamo uzi na sindano vimeleta raha, na tumeona nyingine ambamo vimeleta ugomvi. Uzi ni ule ule.

Lengo la somo. Tukimaliza, kila mwanachama aweze:
(a) kuchagua kazi ya mikono inayolingana na nafasi aliyo nayo nyumbani;
(b) kupiga hesabu ya kweli ya kazi yake, masaa yakiwemo;
(c) kukubaliana na watu wa nyumba yake juu ya kazi hiyo na pesa zake.

1. TULIKOTOKA

Shosho zetu hawakuwa na chumba cha kusukia. Kamba zilitoka kwa maganda ya kichaka cha mugio, zikasokotwa kwa kiganja juu ya paja. Kiondo kilianzia kwenye kitako, kikapanda kwa kuzunguka mpaka mdomoni. Mama alikisuka akitembea njiani na mzigo mgongoni, akikaa na wenzake, au akingoja githeri iive. Mtoto akilia, kiondo kiliwekwa chini. Mtoto akinyamaza, kiliinuliwa tena. Mkonge ulikuja baadaye. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893, na ulipoenea Kenya ukachukua nafasi ya mugio.

Kushona na kufuma kulikuja kwa njia nyingine. Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902, na masista waliofuata wakafundisha wasichana sindano na uzi. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, nacho kikafundisha kushona na kufuma katika vilabu vyake. Kule Nanyuki, mwaka 1977, akina mama walianzisha Nanyuki Spinners and Weavers chini ya kanisa la Presbyterian. Walinunua sufu mbichi ya kondoo, wakaiosha, wakaichambua, wakaisokota, wakaitia rangi na kufuma mazulia.

Mambo yalibadilika kiondo kilipoanza kuuzwa kwa wingi nje ya nchi, miaka ya 1970 na 1980. Soko lilitaka viondo vingi, vya ukubwa mmoja, rangi moja, kwa tarehe fulani. Kazi iliyokuwa ikifuata nafasi ya mama sasa ikawa mama anaifuata yeye. Soko hilo lilipopungua, wengi waliweka sindano chini. Halafu mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na watu wakatafuta tena viondo na vikapu. Kwa hivyo swali letu si la zamani. Oda zikija, nyumba itazipokea vipi?

2. NYUMBA MBILI

Tuchukue mfano. Msomeni pamoja kikundini.

Katika nyumba ya kwanza, mama amechukua oda ya viondo sita kwa wiki tatu. Asubuhi anachuma chai, mchana yuko shambani, jioni anapika. Akimaliza kuosha vyombo ndipo anaanza kusuka, mpaka usiku wa manane, taa ikiwa hafifu. Mtoto akileta kitabu cha shule anaambiwa, "Ngoja." Baba akiuliza habari anajibiwa kwa mkato. Siku ya malipo, pesa inaisha kabla hajajua imeenda wapi. Mama anasema hataki kuona kiondo tena.

Katika nyumba ya pili, mama ana kiondo kimoja tu mkononi. Anakisuka akingoja gari la chai kwenye kituo, akiwa kwenye mkutano wa jumuiya ndogo ndogo, na kwa saa moja baada ya chakula cha jioni, watu wote wakiwa mezani. Kinamchukua mwezi na zaidi. Msichana wake ameshajifunza kuanza kitako. Kijana anamsokotea kamba.

Msiharakishe kusema mama wa kwanza ni mjinga na wa pili ni mwerevu. Wa kwanza pengine alikuwa na karo ya kulipa, na mama mwenye karo hachagui. Kosa la nyumba ile ni kwamba oda ilibebwa na mtu mmoja, juu ya kazi zake zote za kawaida, bila mtu mwingine kupunguziwa wala kuongezewa chochote. Kama kijana angepika jioni mbili kwa wiki na baba akakama ng'ombe, ile oda ingekuwa ya nyumba nzima.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Fundisho hilo halihusu viwanda peke yake. Linahusu hata sindano ya kroshia.

3. KAZI YA KUSHIKA NA KUACHA, KAZI YA KUTULIA

Kazi za mikono zinagawanyika mara mbili, na tukizichanganya ndipo tunakasirika bure.

Kazi ya kushika na kuacha ni kusuka kiondo, kufuma na kroshia. Unaweza kuiacha katikati ya mstari mtoto akianguka, ukairudia baada ya dakika kumi. Inabebeka kwenye mfuko. Hii ndiyo inayofaa mama mwenye watoto wadogo.

Kazi ya kutulia ni kupima, kukata kitambaa na kushona kwa cherehani. Ukikata ukiwa na haraka, kitambaa hakirudi. Hii itengewe wakati wake, mathalani Jumamosi mchana, meza ikiwa safi na mtu mwingine akiangalia watoto. Usianze kukata jioni ukiwa umechoka.

Usalama: Sindano zihesabiwe kabla na baada ya kazi, zikae kwenye kopo lenye kifuniko. Mkasi uwekwe juu. Cherehani ya miguu ikiachwa, toa ule mkanda wa gurudumu ili mtoto asicheze nayo akaumia vidole. Uzi mweusi usishonwe usiku kwa koroboi, macho yanachoka na mshono unapinda. Usiku fanya uzi mweupe au wa rangi angavu, nyeusi ingoje jua.

4. SAA YA MIKONO

Tunapendekeza kila nyumba ijaribu saa moja, jioni mbili kwa wiki, ambapo kila mtu ana kitu mkononi. Si mama na wasichana tu. Baba anaweza kutia mpini kwenye jembe au kusuka kamba ya ng'ombe. Kijana ashone kifungo cha shati lake mwenyewe, maana akienda kuishi peke yake Nairobi au Nyeri mjini hakuna wa kumshonea. Redio iwe inasikika, hadithi ziwe zinaendelea, na simu ziwekwe kando.

Watoto wanaosoma kwa mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika mwaka 2019, mara nyingi wanatumwa kutoka shuleni wakafanye kazi za mikono nyumbani. Wazazi wengine hununua kitu sokoni wakampa mtoto apeleke. Hapo mtoto amejifunza nini? Afadhali kiondo kilichopinda alichokisuka mwenyewe. Na ukimfundisha, usifumue kazi yake mbele yake ili uirekebishe. Muache amalize, kisha aanze kingine.

5. SWETA NA NGUO ZA SHULE

Majira ya gathano, Juni mpaka Agosti, baridi ya mlimani hatuhitaji kuambiwa. Haya ndiyo mambo matatu tunayofundisha sana, kwa sababu faida yake inaonekana nyumbani moja kwa moja.

Kufumua sweta ya mitumba. Kabla ya kununua, igeuze uangalie mishono ya ndani. Kama kingo zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi za mashine ya ovaloki, iache. Ukiifumua utapata vipande vifupi vifupi. Chagua ile ambayo kila kipande kimefumwa na kingo zake nzima, kisha kikaunganishwa. Fumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne usichanganyike, osha kwa maji ya uvuguvugu, uanike ukiwa na kitu kizito kidogo chini ili unyooke. Ukikauka, fanya mpira.

Mikono inayoongezeka. Fuma mkono wa sweta kutoka begani kushuka. Mtoto akirefuka utafungua mwishoni na kuongeza mistari. Ukianzia chini kupanda, kuongeza ni taabu. Sketi na suruali nazo ziachiwe pindo la vidole vinne.

Kiraka kisichoaibisha. Osha kitambaa cha kiraka kwanza kisije kikajikunja baadaye na kuvuta nguo. Kikate kiwe kikubwa kuliko tundu kwa sentimita 2 kila upande, nyuzi zake zielekee sawa na nyuzi za nguo. Kunja kingo, shikiza, ndipo ushone. Mtoto anachekwa shuleni kwa kiraka kilichopinda, cha rangi ya ajabu. Kikiwa sawa, hakuna anayekiona.

6. HESABU YA KWELI

Sasa tuje kwa pesa. Hesabu hii ni ya mfano. Ninyi wekeni bei za kwenu.

Mkonge na rangi: shilingi 250
Mkanda wa ngozi na malipo ya fundi: shilingi 250
Jumla ya gharama: shilingi 500
Kiondo kimeuzwa: shilingi 1,200
Kilichobaki: shilingi 700
Masaa ya kusuka: 35
Kila saa: shilingi 20

Wengine wakiona bob 20 kwa saa wanavunjika moyo. Ngojeni kidogo. Yale masaa 35 yalitoka wapi? Kama yalikuwa masaa ya kungoja gari la chai, ya mkutano na ya jioni mkiongea, basi hukupoteza kitu. Ulikuwa utakaa hapo hata hivyo, na sasa una shilingi 700 na mtoto aliyejifunza. Lakini kama yalitoka kwenye usingizi wako, au kwenye palizi ya mahindi, au kwenye wakati wa mtoto wako, basi umeuza kitu cha thamani kwa bob 20. Kiondo ni kile kile na bei ni ile ile, lakini faida si moja.

Kwa hivyo kabla ya kikundi kukubali oda, kila mwanachama aseme atapata masaa mangapi kwa wiki bila kuiba usingizi. Jumlisheni. Oda ikizidi masaa hayo, ombeni tarehe ya mbele au mchukue viondo vichache. Kamuingi koyaga ndiri, kikundi kidogo huinua kinu. Lakini hata kinu kina uzito wake, lazima watu wahesabiwe.

7. PESA YA MIKONO NI YA NANI?

Hapa ndipo ugomvi hutokea, basi tuseme wazi. Mazungumzo yafanyike kabla ya kazi kuanza. Akina baba, mke akikuonyesha pesa za kiondo, haimaanishi sasa usimpe ya unga. Akina mama, pesa ikifichwa huleta maneno. Andikeni kwenye kijitabu: sehemu ya kwanza irudi kununua mkonge na uzi, ya pili iende nyumbani, ya tatu iwe akiba ya mama kwenye kikundi, na isiguswe bila yeye.

Na si kila kitu kiuzwe. Somo la Tabitha wa Yafa, Matendo ya Mitume 9:36-42, linatuonyesha wajane wakilia na kumwonyesha Petro nguo alizowashonea. Hakuna aliyetaja bei. Sweta ya mtoto wa jirani anayebatizwa, au kiondo cha binti anayeolewa, navyo ni mapato ya nyumba, ingawa havimo kijitabuni.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika nyumba mbili za mfano, ni kazi gani zingeweza kugawanywa, na kwa nani?
2. Ni masaa yapi katika siku yako yanapita bure? Ni yapi yasiyofaa kuguswa?
3. Kati ya wanachama wetu, nani anajua kuanza kitako cha kiondo, na nani anajua kukata nguo? Tunaweza kufundishana kwa ngwatio, kama tunavyolimiana?
4. Kusuka kwa kujifurahisha siku ya Dominika na kumaliza oda siku ya Dominika, kuna tofauti gani?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama aandike masaa yote aliyotumia kwa kazi moja ya mikono, na kando yake aandike masaa hayo yalitoka wapi. Aje nayo hata kama kazi haijaisha. Wasiojua kuandika wasaidiwe na watoto wao. Hiyo nayo ni saa ya mikono.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu na wote wanaokaa karibu nayo.