SOMO LA MWEZI: Aliyekwama Mlangoni Haulizwi



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo linalomgusa kila mwenye akiba mfukoni mwa wafanyakazi, akaunti ya benki au namba ya kodi. Siku hizi huduma nyingi zimehamia kwenye tovuti na kwenye simu. Ukimaliza shughuli yako huko, mara nyingi hujitokeza swali kwenye kioo: umeridhika kiasi gani? Chagua nyota moja hadi tano. Baadaye wenye tovuti huzihesabu nyota hizo na kutangaza kwamba watu wengi wameridhika. Lakini sisi tunaozunguka katika matawi tunasikia habari nyingine. Basi swali la somo letu ni hili: je, uchunguzi wa namna hiyo unaonyesha kweli mambo yanayomsumbua mtu wa kawaida?

1. Kwa nini jambo hili ni letu

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya mafundi wa kompyuta. Sivyo. Hapa Uganda, kwa sheria ya NSSF, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka kwake mwenyewe. Mwajiri anatakiwa azipeleke fedha zote ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yaliwataka waajiri wote wachangie, hata mwenye wafanyakazi chini ya watano. Tena yalimpa mwanachama aliyetimiza miaka 45, na aliyeweka akiba miaka 10 au zaidi, haki ya kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu.

Sasa tufikiri pamoja. Mwajiri akikukata asilimia 5 asiipeleke, utajuaje? Karatasi ya mshahara itaonyesha kwamba umekatwa, lakini haitaonyesha kwamba fedha zimefika. Hilo huonekana katika taarifa ya akiba yako. Kama njia ya karibu ya kuiona taarifa hiyo ni simu, na simu imekushinda, basi mwajiri asiye mwaminifu hulala usingizi mzuri. Kwa hiyo ugumu wa tovuti ni habari ya jasho letu.

2. Jinsi wanavyopima

Kipimo kinachojulikana sana duniani kilitungwa mwaka 1986 na John Brooke, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza katika kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation. Kina maneno 10. Kila neno husema jambo moja, kwa mfano kwamba chombo hiki ni rahisi kutumia, au kwamba mtu angehitaji fundi wa kumsaidia. Mtumiaji huchagua kutoka 1, yaani anakataa kabisa, hadi 5, yaani anakubali kabisa. Majibu hupigiwa hesabu, na mwisho hupatikana alama moja kati ya 0 na 100.

Brooke mwenyewe alikiita kipimo cha harakaharaka, na hakuficha mipaka yake. Kinaweza kukuambia kwamba chombo hiki kimepata alama ndogo kuliko kile. Hakikuambii kasoro iko wapi. Ni kama kipimajoto cha zahanati: kinaonyesha mwili una homa, bali hakisemi kama ni malaria au kidonda. Tena lazima mgonjwa awe amefika zahanati ndipo apimwe.

3. Mahali uchunguzi unapopotea

Kwanza, wanaoulizwa ni waliofika mwisho. Swali la nyota hutokea baada ya kazi kukamilika. Mtu aliyekwama katika ukurasa wa pili, akaizima simu kwa hasira, haoni swali hilo. Tuchukue mfano wa hesabu tu: watu 100 wanajaribu kufungua huduma, 40 wanafika, 60 wanashindwa. Wale 40 wakiulizwa, 36 wanasema ni rahisi. Ripoti itaandika kwamba asilimia 90 wameridhika. Ukweli ni kwamba katika kila watu 100, wanaoweza kusema ni rahisi ni 36.

Kosa hili si geni. Mwaka 1936 huko Marekani, gazeti la Literary Digest lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais. Zaidi ya milioni 2 zilirudi. Gazeti likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Kura zilipohesabiwa, Landon alipata majimbo mawili tu kati ya 48. Kwa nini? Majina mengi yalitolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa dhiki kubwa ambapo maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Tena si wote waliopata kadi walioirudisha. Kadi milioni 2 hazikusaidia kitu, maana ziliuliza upande mmoja. Ndivyo ilivyo unapouliza habari za ugumu wa intaneti kwa njia ya intaneti yenyewe.

Pili, anayejibu huenda si mwenye shida. Mfanyakazi wengi wetu tunamjua huenda kwa kijana wa kafe ya intaneti, akampa kitambulisho, namba ya siri na shilingi zake. Kijana humjazia fomu kwa dakika chache, maana amejaza nyingine kama hiyo tangu asubuhi. Swali la nyota likitokea, ni kijana anayebonyeza tano. Katika vitabu vya ofisi imeandikwa kwamba mfanyakazi huyo ameridhika. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alilipa fedha ili apate kilicho chake, wala kwamba namba yake ya siri sasa inajulikana na mtu mwingine.

Tatu, lugha. Mwaka 2006 mchunguzi Kraig Finstad aliandika kwamba katika yale maneno 10 ya Brooke limo neno moja la Kiingereza lililowatatiza watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Watu hao walikuwa wakitoa alama kwa sentensi wasiyoielewa. Ikiwa neno moja linaweza kuharibu kipimo, je, itakuwaje kwa uchunguzi mzima ulioandikwa Kiingereza na kupewa mkata miwa wa Kakira aliyetoka West Nile, au mchuma chai wa Fort Portal? Kiswahili kiliwekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, lakini kufika kwake kwenye kioo cha simu ni safari nyingine.

Nne, adabu na hofu. Sisi watu wa huku tumelelewa kutomwambia mgeni maneno makali. Mtu akija na karatasi akauliza kama huduma ni nzuri, wengi watajibu ni nzuri, hasa kama msimamizi amesimama karibu. Na yuko mtu anayeona haya kusema imenishinda, akidhani kasoro ni yake kwa kuwa hakusoma sana. Ndugu, shikeni neno hili: mlango uliojengwa mfupi ukigonga watu vichwa, kosa ni la aliyejenga mlango.

4. Mambo yanayowasumbua watu hasa

Hapa hatuitaji ofisi yoyote, kwa kuwa mambo haya huonekana katika huduma nyingi. Wafanyakazi wakieleza kwa maneno yao wenyewe, hawazungumzi juu ya rangi wala picha. Wanasema hivi:

(a) Namba ya kuthibitisha inatumwa kwa laini ya zamani iliyokwisha kupotea.

(b) Jina kwenye kitambulisho limeandikwa tofauti na jina kwenye vitabu vya kazini, kwa herufi moja tu, na mashine inakataa.

(c) Fomu inakataa bila kusema sababu, na ukianza tena yote uliyojaza yamefutika.

(d) Kifurushi cha intaneti kinakwisha kabla ukurasa haujafunguka.

(e) Simu ni ndogo ya vibonyezo, na huduma inataka simu kubwa.

(f) Ukipiga simu ya msaada wakati wa mapumziko ya mchana, unasubiri mpaka king'ora cha kurudi kazini kinalia.

Linganisheni orodha hii na swali la nyota. Mtu atawekaje laini iliyopotea ndani ya nyota tano?

5. Kutazama kunapita kuuliza

Iko njia iliyo bora, nayo haikutoka mbali. Oktoba 2005, Safaricom ya Kenya pamoja na shirika la mikopo la Faulu walianza majaribio katika Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500. Nia yao ilikuwa wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Wasimamizi wa majaribio, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliangalia watu wanakifanyia nini chombo kile. Wakaona wengine wanawatumia jamaa fedha. Wengine wanalipana katika biashara. Wengine wanaweka fedha kwenye simu ili zisilale nyumbani, na wengine wanaziweka kabla ya safari na kuzitoa wafikako. Machi 2007 M-Pesa ilipofunguliwa kwa wote, mikopo ilikuwa imewekwa kando na kutuma fedha nyumbani ndiko kulikotangulia. Kama wangeuliza tu ikiwa kulipa mkopo kwa simu ni rahisi, wangepata jibu la swali lao na kuikosa haja ya watu.

Naye Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwatazama watu watano tu wakijaribu kutumia tovuti, utaona sehemu kubwa ya kasoro zake. Lakini aliongeza kwamba kama watumiaji ni wa namna mbalimbali, lazima utazame watu wa kila namna. Makarani watano wa Kampala hawawezi kumsemea mchuma chai.

Hatusemi uchunguzi wa maswali hauna kazi. Swali lile lile likiulizwa kila mwaka, kwa watu waliochaguliwa vizuri, linaonyesha kama mambo yanapanda au yanashuka. Na ofisi inayouliza ina heri kuliko isiyouliza kabisa. Tunachosema ni kwamba tukiletewa alama nzuri, tuulize mara moja: mliwauliza nani, kwa lugha gani, na walioshindwa ni wangapi?

6. Kazi ya tawi

Kila tawi lifungue daftari moja. Siku ya mkutano, wanachama watano wa kila idara wajaribu kufungua taarifa zao za akiba, kila mtu kwa simu yake mwenyewe. Mwakilishi atazame tu, asisaidie, wala asiguse simu ya mtu. Aandike: ameanza saa ngapi, amekwama wapi, ameona maneno gani kwenye kioo, na kama amefika au hakufika. Namba ya siri isitajwe wala isiandikwe. Aliyefika alinganishe miezi iliyolipwa na karatasi zake za mshahara. Mwezi ukikosekana, amwambie mwakilishi siku hiyo hiyo. Aliyekwama apelekwe ofisini akiwa na mwenzake, na daftari liende nao. Malalamiko ya mdomo hujibiwa kwa mdomo, lakini daftari lenye tarehe hudai jibu la maandishi.

Maswali ya kuzungumza katika tawi

1. Katika tawi letu, ni wangapi waliokwisha kuona taarifa zao za akiba mwaka huu? Waliosalia walizuiwa na nini?

2. Ni nani anayezijua namba zetu za siri, na tulimpa kwa sababu gani?

3. Tukipewa nafasi ya kutunga swali moja tu la uchunguzi, tungeuliza nini, na tungemuuliza nani kwanza?