Flashi ikionekana tupu: jinsi ya kuorodhesha mafaili kwa amri

Somo letu la safari hii ni kwa makatibu na washika hazina wa vikundi, na kwa yeyote anayetunza kumbukumbu za watu wengine katika kompyuta. Hapa Unguja kazi hiyo mara nyingi hufanyika sehemu mbili. Daftari huandikwa kijijini, Paje au Makunduchi au Chwaka, kisha katibu hupanda daladala kwenda mjini na flashi mfukoni, achape ripoti Darajani au Mkunazini, au ofisini kwa jamaa aliyekubali. Flashi moja huweza kuingia kompyuta nne au tano katika wiki. Na siku moja huingizwa, dirisha linafunguka, ndani hamna kitu.

Jambo linalofuata ndilo linaloharibu zaidi. Mtu aliye karibu husema, "Hii imeshakufa, tuifomati." Anabonyeza mara mbili tu, na hesabu za hisa za miaka mitatu zinapotea. Dakika moja kabla ya hapo zilikuwamo humo humo.

Tunaomba kabla ya kufomati flashi yoyote ufanye kwanza jambo tutakalolieleza hapa. Halihitaji intaneti wala programu ya kununua, na linachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Kwa nini flashi hujifanya tupu

Wengi wetu tunaikumbuka miaka ile ya kukosa umeme. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kwa takriban mwezi mzima kwa hitilafu ya njia inayoleta umeme kutoka bara, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Ofisi zilifuata jenereta, na kazi ilibebwa kwenye flashi kutoka mashine hadi mashine. Virusi vya kompyuta navyo vilikuwa vikisafiri kwa njia hiyo hiyo. Brontok, kilichozuka Indonesia mwaka 2005, kilijivika picha ya folda ili mtu akibonyeze mwenyewe. Conficker, cha Novemba 2008, nacho kiliweza kuruka kutoka flashi hadi kompyuta. Februari 2011 kampuni ya Microsoft ilisambaza marekebisho yaliyozuia Windows za zamani kuendesha programu za kwenye flashi zenyewe tu. Basi watengenezaji wa virusi wakazidi kutegemea kumdanganya mtumiaji abonyeze.

Udanganyifu huo ni mwepesi. Kila faili na kila folda katika Windows lina alama ndogo za siri. Moja husema "nimefichwa", nyingine husema "mimi ni mali ya mfumo, usinionyeshe". Kirusi huziweka alama hizo mbili juu ya folda zako, nazo hutoweka machoni. Kisha mara nyingi huweka badala yake kitu chenye jina lile lile na picha ile ile ya folda. Unabonyeza "Mwani Paje" ukidhani ni folda ya kikundi, kumbe umekifungulia kirusi mlango. Hakuna kilichofutwa. Kilichotokea ni sawa na mtu kutundika kanga mbele ya kabati.

Windows inao mpangilio wa kuonyesha vilivyofichwa, na wengine watasema huo unatosha. Sisi hatuutegemei. Mpangilio huo uko sehemu mbili, watu wengi hubadilisha moja tu, na viko virusi vinavyourudisha ulivyokuwa kila unapoubadilisha. Amri tutakayoieleza huuliza flashi moja kwa moja.

Dirisha jeusi

Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R. Katika kisanduku kitakachotokea andika cmd, kisha Enter. Dirisha jeusi litafunguka, na hii ni kweli kuanzia Windows XP hadi za leo. Usiliogope. Hapa hakuna picha za kubonyeza kwa bahati mbaya, na hiyo ni faida: hakuna kinachofanyika mpaka umekiandika mwenyewe.

Sasa angalia flashi yako imepewa herufi gani. Katika mifano yetu tutasema ni E. Andika:

dir E:

Neno dir limo tangu DOS ya kwanza ya mwaka 1981. Linaiamuru kompyuta itaje vilivyomo kwenye folda fulani. (Vitabu vingine huita folda "saraka". Sisi tutabaki na neno linalosemwa mitaani.) Kwa flashi iliyoshambuliwa, jibu laweza kuwa hakuna faili. Usikate tamaa, tazama nafasi iliyobaki tupu kwenye flashi. Kama flashi ni ya GB 4 na nafasi tupu ni GB 3 tu, basi kuna kitu chenye ukubwa wa GB 1 kimekaa humo.

Ndipo uandike amri yenyewe:

dir E: /a

Ile /a maana yake ni vyote, vilivyofichwa na visivyofichwa. Mara nyingi hapa ndipo mtu anapopumua. Tuseme jibu ni hili:

06/03/2010  09:14    <DIR>          Mwani Paje
22/05/2010  16:40           106,496 Mwani Paje.exe

Soma mistari hii polepole, maana somo lote limo ndani yake. Mstari wa kwanza una neno <DIR>, kwa hiyo hiyo ndiyo folda ya kweli. Wa pili hauna <DIR>. Una ukubwa, baiti 106,496, na jina lake linamalizikia kwa.exe, yaani ni programu. Folda haiwezi kuwa .exe. Kwenye dirisha la kawaida mkia huo wa jina huwa haukuonyeshwa, ndiyo maana macho hudanganyika. Siku hizi utaona zaidi mkia .lnk, yaani njia ya mkato yenye mshale mdogo kwenye picha yake. Hukumu yake ni moja: lenye jina la folda yako bila ya <DIR> usilibonyeze.

Huenda pia ukaona folda inayoitwa FOUND.000. Hiyo si kirusi. Windows huiunda inapokagua flashi iliyopata hitilafu, kwa mfano iliyochomolewa au kukatikiwa na umeme wakati ikiandikwa, na huweka ndani yake vipande ilivyoviokota. Navyo hufichwa. Usiifute kabla ya kutazama, pengine kipande kilichomo ndiyo barua uliyokuwa ukiitafuta.

Tarehe zisikutishe. Kompyuta nzee ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huanza kuhesabu tena kutoka mwaka wa zamani kila inapowashwa, hivyo faili la juzi huweza kuonekana ni la mwaka 2002, au hata la 1980, mwaka ambao hesabu ya tarehe za flashi nyingi huanzia. Tena 06/03 ni tarehe sita Machi au tarehe tatu Juni kutegemea kompyuta ilivyopangwa. Tafuta mstari wenye namba inayozidi 12 utajua.

Andika orodha kabla ya kugusa kitu

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hutumia kasha lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu. Kasha hufunguliwa mbele ya wanachama wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti, na kiasi kinatajwa ili kila mtu akikumbuke mpaka mkutano ujao. Hakuna anayechukua wala kuweka kabla ya hesabu hiyo. Tunaona mafaili yanastahili adabu hiyo hiyo, kwa sababu ndani yake mna amana ile ile: nani ana hisa ngapi, nani amekopa, nani amelipa.

Kwa hiyo, ukiwa bado katika dirisha jeusi, na bila kuhamia kwenye flashi, andika:

dir E:\ /a /s > orodha.txt

Ile /s huamuru iingie katika kila folda na folda za ndani. Alama ya > huelekeza jibu kwenye faili badala ya kioo. Orodha itahifadhiwa kwenye kompyuta na si kwenye flashi, na hilo tumelikusudia: flashi yenye mashaka isiandikwe chochote. Kuisoma, andika notepad orodha.txt. Nenda chini kabisa ya orodha, utakuta jumla ya mafaili na jumla ya ukubwa wake. Nakili namba hizo mbili kwenye karatasi.

Sasa funua kanga:

attrib -h -s -r E:\* /s /d

Amri hii huondoa alama ya kufichwa, ya mfumo na ya kuzuia kuandika, kwa mafaili na kwa folda. Tazama herufi mara mbili kabla ya Enter. Ukiandika C badala ya E utavuruga alama za kompyuta yenyewe, na mwenye duka hatafurahi. Kisha yafute majina bandia, moja moja kwa jina lake:

del "E:\Mwani Paje.exe"

Alama za kunukuu mbele na nyuma ya jina ni lazima, kwa kuwa jina lina nafasi katikati. Halafu nakili folda zako mahali pengine na pitisha programu ya kuua virusi. Kama kompyuta unayotumia ndiyo yenye ugonjwa, folda zitafichwa tena kabla hujamaliza. Hapo ondoka, utafute kompyuta nyingine.

Kwa wenye Linux

Kompyuta nyingine bora kwa kazi hii ni yenye Linux. Programu huria si ngeni kwetu. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Katika Linux amri ya kuorodhesha ni ls, yenye umri mkubwa kuliko dir ya DOS: imo katika kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, cha Novemba 1971.

Faida yake kwa mgonjwa wetu ni kubwa. Linux haifuati alama ya Windows ya "nimefichwa". Kwake lililofichwa ni jina lililoanza na nukta, basi. Kwa hiyo ile flashi iliyoonekana tupu kule Darajani, ukiiingiza kwenye Linux na kuandika ls katika folda yake, folda zote hujitokeza bila ya kuombwa. Tena programu zenye mkia .exe kwa kawaida hazifanyi kazi huko, hivyo kirusi cha Windows hukaa kimya kama samaki aliyetolewa majini.

Ukitaka tarehe na ukubwa andika ls -l. Ukitaka na yenye nukta, ls -la. Mstari unaoanza na herufi d ni folda. ls -lt huweka la karibuni juu, nasi huipenda zaidi kuliko nyingine, maana swali la kila mwisho wa robo ni moja: ripoti ya mwisho ni ipi kati ya "ripoti", "ripoti mpya" na "ripoti mpya kabisa"? ls -lR > ~/orodha.txt huandika orodha yote, kama tulivyofanya kwa dir.

Pale ambapo dir E: /a nayo haionyeshi kitu, na nafasi tupu ni sawa na ukubwa wote wa flashi, basi ama imefutwa ama imefomatiwa. Hata hapo usiandike chochote juu yake. Kufomati kwa haraka hufuta daftari la majina, si maandishi yenyewe, na fundi mwenye programu ya kurejesha anaweza kuokoa mengi ikiwa hakuna kipya kilichowekwa juu.

Kwa flashi iliyo nzima, ifanye orodha hiyo kila mwisho wa mwezi, ukibadilisha jina: orodha-januari.txt, orodha-februari.txt. Kuzilinganisha mbili andika fc orodha-januari.txt orodha-februari.txt, nayo itaonyesha mistari iliyotofautiana. Faili lililopungua utaliona hapo, siku nyingi kabla ya mkutano wa kugawana. Orodha ya kikundi cha kawaida haizidi kurasa mbili au tatu. Ipige chapa, katibu na mshika hazina watie saini, na iwekwe ndani ya kasha pamoja na daftari.