Maili za ndege kwa muuzaji mdogo: zinapatikanaje, zina thamani gani, na lini zinakukatia tiketi ya kwenda kununua mzigo nje

Somo la leo limeombwa na watu wengi inbox: "Nimesikia mtu anaweza kwenda China au Dubai kwa tiketi ya maili, ni kweli au ni maneno ya mjini?" Jibu fupi ni kweli. Jibu refu ni hili hapa chini, na naomba ulisome ukiwa na kalamu, maana lina hesabu.

Mimi nauza viatu vya watoto na mabegi ya shule kwa WhatsApp na Instagram kutoka hapa Nangwa, chini ya Mlima Hanang. Tuko wauzaji watano, wa Nangwa, Endasak na Katesh. Kila mmoja peke yake mtaji haumfikishi Guangzhou, kwa hiyo tunachanga na kumtuma mmoja wetu. Ninachoeleza leo ndicho tunachokitumia kwenye kikundi chetu.

1. Maili ni nini hasa

Ni pointi ambazo shirika la ndege linakupa kwa kusafiri nalo, kama pointi za laini ya simu. Ukizikusanya zikafika kiwango fulani, unazibadilisha kwa tiketi au huduma nyingine. Shirika la American Airlines lilianza mpango wake wa AAdvantage mwaka 1981, na leo karibu kila shirika kubwa lina wake. Wanaotuhusu sisi wa ukanda huu ni hawa:

- Ethiopian Airlines: ShebaMiles
- Qatar Airways: Privilege Club, na pointi zake zinaitwa Avios
- Emirates: Skywards, ambayo flydubai nao wanaitumia
- Turkish Airlines: Miles&Smiles
- KLM na Air France: Flying Blue
- Kenya Airways: Asante Rewards

Kujiunga ni bure. Unaingia kwenye tovuti ya shirika, unajaza jina, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe, unapewa namba ya uanachama. Mtu akikudai hela ya "kukuandikisha", mkimbie.

Wenzetu wa Marekani wanapata maili nyingi kwa kadi za mkopo za benki, hata wakinunua sabuni. Sisi wa M-Pesa na Lipa Namba, chanzo chetu kikubwa ni kiti chenyewe ndani ya ndege. Kwa hiyo zile video za mtandaoni za "nilizunguka dunia bure" usizichukue kama zilivyo. Hesabu yetu ni nyingine.

2. Maili zinaingia kwa nani?

Hapa ndipo urafiki wa biashara unapovunjikia, kwa hiyo soma taratibu. Maili zinaingia kwa aliyekaa kwenye kiti. Hazingalii nani kalipa. Mnaweza kuchanga watu watano, kila mtu laki tano, maili zote zikaingia kwenye akaunti ya yule mmoja aliyesafiri, na kwa shirika hizo ni zake.

Kikundi chetu kina karatasi yenye sahihi zetu wote. Inasema mambo matatu: maili za safari ya kikundi ni mali ya kikundi ingawa ziko kwa jina la msafiri; msafiri ni yuleyule kila safari mpaka tukubaliane vinginevyo, ili maili zisitawanyike; na zikifika kiwango, zinakata tiketi ya safari ya kikundi, siyo ya harusi ya mtu. Mashirika mengi yanaruhusu mwenye akaunti amkatie mtu mwingine tiketi kwa maili zake, kwa hiyo hata msafiri akiugua, maili hazilali.

Karatasi hiyo ni makubaliano yenu ninyi kwa ninyi, shirika la ndege haliitambui. Ndiyo maana chagueni mtu mnayemwamini kabla ya kuchagua shirika.

3. Tiketi ya bei rahisi inatoa maili chache

Wengi hudhani kila safari ni maili kamili. Sivyo. Kwa mashirika yanayohesabu kwa umbali, tiketi ina daraja lake la bei, ile herufi moja inayoandikwa kwenye tiketi yako. Daraja la juu linatoa asilimia 100 ya umbali au zaidi, la chini linatoa nusu, robo, na mengine hayatoi kitu kabisa. Flying Blue wao wanahesabu kwa pesa: mwanachama wa ngazi ya kwanza anapata maili 4 kwa kila euro aliyolipa kwenye nauli, bila kodi za serikali.

Tuchukue safari yetu. Kutoka KIA mpaka Addis Ababa ni karibu maili 860, na Addis mpaka Guangzhou ni karibu maili 5,000. Kwenda na kurudi ni kama maili 11,700.

- Tiketi ya asilimia 100: unapata 11,700
- Tiketi ya asilimia 50: unapata 5,850
- Tiketi ya asilimia 25: unapata kama 2,900

Ndege ileile, siti zimefuatana, lakini mmoja kapata mara nne ya mwenzake. Kabla ya kulipa muulize wakala: "Daraja hili linatoa asilimia ngapi ya maili?" Akikujibu "zote sawa tu", fungua jedwali kwenye tovuti ya shirika ujionee mwenyewe.

4. Maili moja ina thamani gani?

Kanuni ni hii: chukua bei ya tiketi kwa pesa taslimu, toa kodi na ada utakazolipa ukitumia maili, halafu gawanya kwa idadi ya maili.

Na hapo naomba tuelewane: tiketi ya maili siyo bure. Kodi, ada za viwanja, na kwa mashirika mengi ile tozo ya shirika lenyewe (kwenye tiketi inaandikwa YQ au YR), zote unalipa kwa pesa.

Namba zifuatazo ni za mfano wa darasani, bei halisi utaiona siku unayotafuta tiketi. Tuseme tiketi ya Guangzhou kwenda na kurudi ni TZS 2,600,000. Kwa maili wanataka 60,000 pamoja na TZS 700,000 za kodi na ada.

2,600,000 − 700,000 = 1,900,000. Gawanya kwa 60,000. Kila maili imekuokolea kama shilingi 32.

Sasa tuseme tiketi ya Dubai ni TZS 1,100,000, na kwa maili wanataka 40,000 pamoja na TZS 500,000. Umeokoa 600,000. Gawanya kwa 40,000: shilingi 15 kwa maili. Umechoma maili zako nusu bei. Dubai lipa pesa, maili zitunze za China.

Kanuni hiyohiyo itumie shirika linapokuuzia maili. Wakitaka shilingi 50 kwa maili ambayo wewe ukiitumia inakuokolea 32, hiyo promosheni waachie wenyewe.

5. Je, utafika?

Tuendelee na mfano wa maili 60,000. Kwa tiketi za asilimia 50, kila safari ni 5,850. Unahitaji safari 11. Unasafiri mara moja kwa mwaka? Miaka 11. Na maili zina umri wake: mipango mingi ni kama miaka mitatu, ingawa kila mmoja unahesabu kivyake. Kwa Skywards, zinaisha mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa katika mwaka wa tatu. Avios za Qatar zinadumu miezi 36 na zinaongezewa muda ukiwa unazitumia au unapata nyingine.

Kwa hiyo mtu wa safari moja kwa mwaka na tiketi ya bei ya chini, nakwambia ukweli: tiketi ya maili ya China hutaifikia. Jiunge, maana ni bure, lakini usibadilishe uamuzi wa biashara kwa ajili ya maili. Nunua tiketi yenye bei nzuri na kilo nyingi, basi.

Sasa angalia kikundi. Msafiri mmoja, safari nne kwa mwaka: 5,850 mara 4 ni 23,400. Mwaka wa pili 46,800. Katikati ya mwaka wa tatu mna 58,500, na safari inayofuata mmevuka. Watu walewale wangesafiri kila mmoja na akaunti yake, kila akaunti ingekufa na maili zake ndani.

Je, uongeze hela upate daraja la asilimia 100? Utapata maili 5,850 za ziada. Kwa shilingi 30 kila moja, ni kama TZS 175,000. Tofauti ya nauli ikiwa 100,000 na tiketi inakuruhusu kubadili tarehe, inalipa. Tofauti ikiwa 400,000, hapana. Hizo 400,000 ni mzigo wa viatu.

6. Ngazi ya uanachama: faida ambayo wauzaji tunaisahau

Ukisafiri sana ndani ya mwaka mmoja unapandishwa ngazi. Ethiopian na Turkish wako kwenye muungano wa Star Alliance, na mwenye ngazi ya Gold ya muungano huo anapata begi moja la ziada, au kilo 20 za ziada pale mzigo unapohesabiwa kwa uzito. Begi la kilo 23, kwa raba za watoto za nusu kilo pea moja, ni pea 46 kila safari. Kwa muuzaji hiyo inaweza kuzidi hata tiketi yenyewe. Ila mali ya biashara unaitangaza kwa TRA kama kawaida. Begi la ziada halifuti ushuru.

Faida nyingine ya muungano: unaweza kupanda Ethiopian ukaweka maili kwenye akaunti yako ya Turkish, au kinyume chake. Chagua akaunti moja, baki nayo.

7. Hatua za kufuata

- Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Huku kwetu jina moja linaandikwa Akonaay kwenye cheti na Akonay kwenye kitambulisho. Jina la akaunti likitofautiana na la tiketi, maili zinaweza kugoma kuingia.
- Mpe wakala namba ya uanachama siku ya kukata tiketi, na uihakikishe tena pale kaunta.
- Tunza boding pasi zote mpaka maili zionekane. Zisipoonekana unaweza kudai, lakini muda wa kudai una mwisho, usingoje mwaka uishe.
- Viti vya maili ni vichache na huwahiwa. Maonyesho ya Canton Fair pale Guangzhou hufanyika kila mwaka Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, na Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Miezi hiyo kila mtu anatafuta kiti. Tafuta mapema, au nenda kabla ya msimu. Mwaka Mpya wa Kichina, Januari au Februari, hata ukipata kiti utakuta viwanda na maduka mengi yamefungwa.
- Viza kwanza. Tiketi ya maili haikupi viza, na kuirudisha au kubadili tarehe kuna ada yake.

8. Wauza maili wa mtandaoni

Kuna magrupu yanatangaza "tiketi ya Dubai nusu bei, tunatumia maili". Mipango mingi hairuhusu mwanachama kuuza maili zake. Shirika likigundua linaweza kufuta tiketi na kufunga akaunti, na anayebaki kaunta ni wewe. Nyingine hazina maili yoyote, zimekatwa kwa kadi ya mtu aliyeibiwa. Ukitoka Nangwa, ukapita Babati na Arusha mpaka KIA ukiwa na hela ya watu watano mfukoni, halafu kaunta wakakwambia tiketi haipo, hasara siyo nauli tu. Wateja walishalipa oda. Tiketi ya maili ikatwe kutoka akaunti yako, au ya mtu unayemjua mpaka kwao.

Kazi ya wiki hii

Chukua safari zako za miaka miwili iliyopita, hata kama ni moja. Andika umbali, daraja la tiketi, na maili ulizopata au ulizopaswa kupata. Kisha jibu swali moja: kwa mwendo huo, nitafika kabla maili hazijaisha muda? Kama jibu ni hapana, tafuta wenzako wanne wenye biashara kama yako, kaeni, andikeni karatasi. Kama ni ndiyo, fungua akaunti leo kabla hujakata tiketi inayofuata.

Weka hesabu yako kwenye komenti tuipitie pamoja, na mtumie somo hili yule mwenzako anayesafiri kila msimu bila namba ya uanachama.