Mali Si Kipimo cha Neema

Fundisho kwa wakatekista na kwa jumuiya za Wakristu

I. Swali la mchuuzi

Mkatekista afundishaye mjini Goma hukutana mara kwa mara na swali moja. Pengine huulizwa na mchuuzi wa soko la Virunga, pengine na msukuma chukudu ateremshaye makaa na viazi kutoka vijiji vya juu, pengine na mama aliyekimbia vita akapata hifadhi kwa jamaa zake. Husema: "Mwalimu, tangu utoto wangu nasali, na sakramenti napokea. Jirani yangu alihamia kanisa la uamsho, akatoa mbegu kama alivyoambiwa na mhubiri, na leo ana pikipiki na nyumba ya mabati. Mimi watoto wangu hulala bila chakula. Je, ni dhambi gani iliyoizuia baraka yangu?"

Swali hili si la kuchekwa wala la kukemewa. Aliulizaye hatafuti anasa. Anataka kujua kama Mungu amemwacha. Akijibiwa vibaya, aweza kwenda kuitoa karo ya mtoto wake iwe mbegu, au aweza kukata tamaa kabisa. Basi imempasa mkatekista kujifunza vema jibu la Kanisa, apate kulitoa kwa upole na kwa sababu zilizo wazi.

II. Mafundisho ya mafanikio ni nini?

Mafundisho hayo yalianza Marekani katika karne ya 20. Wahubiri kama Kenneth Hagin (1917-2003) na Oral Roberts (1918-2009) waliyaeneza kwa mikutano, vitabu, redio na televisheni, na baadaye yakaingia katika miji mingi ya Afrika. Kiini chake ni hiki: Mungu amekwisha kuwaahidi waamini afya na mali hapa duniani, naye mwenye imani ya kutosha, atoaye sadaka bila kusita, atavuna mara nyingi kuliko alivyopanda. Ndiyo sababu sadaka huitwa mbegu.

Haki itendeke katika kuyasema haya. Si makanisa yote ya uamsho yafundishayo hivyo, na ndani yake wamo watu wengi wamchao Mungu kwa moyo mnyofu. Tena, katika mafundisho hayo mna mambo ya kweli: kwamba Mungu ni Baba, kwamba hafurahii njaa ya watoto wake, kwamba ulevi na uvivu huangusha nyumba. Kosa limo katika kipimo. Mali hufanywa alama ya neema, na umaskini hufanywa alama ya imani haba. Papa Fransisko aliyataja mafundisho hayo katika waraka wake Evangelii Gaudium wa mwaka 2013 (namba 90), akionya juu ya dini ya mafanikio isiyojali wajibu wa mtu kwa ndugu zake.

III. Maandiko Matakatifu yasemavyo

Aya ipendwayo sana na wahubiri hao imo katika kitabu cha nabii Malaki (3, 10), mahali ambapo Mungu anawataka watu walete fungu la kumi, naye atawafungulia madirisha ya mbinguni. Lakini mwenye kusoma aya hiyo na asome pia aya ya 5 ya sura ile ile. Humo Mungu anatangaza hukumu juu ya wanaodhulumu mshahara wa kibarua, wanaomwonea mjane na yatima, na wanaomnyima mgeni haki yake. Tena, Sheria ya Musa yaeleza fungu la kumi lilikuwa la nani: Walawi wasio na shamba, mgeni, yatima na mjane, wapate kula na kushiba (Kumbukumbu la Sheria 14, 28-29). Hivyo sadaka ile ilikuwa chakula cha maskini. Leo mahali pengine maskini ndiye atozwaye, na anayeshiba ni mwingine.

Wengine husema: "Ibrahimu alikuwa tajiri, na Sulemani pia." Ni kweli. Lakini Yobu aliyekuwa mwenye haki alipoteza mali, watoto na afya, na rafiki zake waliomwambia kwamba lazima ametenda dhambi ndio waliokemewa na Mungu mwishoni mwa kitabu (Yobu 42, 7). Katika Injili, tajiri aliyejaza ghala zake anaitwa mpumbavu usiku ule ule (Luka 12, 16-21). Lazaro mwenye vidonda ndiye anayechukuliwa na malaika (Luka 16, 19-31). Na mjane wa senti mbili hakusifiwa kwa sababu ya mavuno aliyopata, maana Injili haisemi kama alipata chochote (Marko 12, 41-44). Yezu aliahidi kweli mara mia kwa walioacha vyote kwa ajili yake, ila aliongeza maneno ambayo mara nyingi hayahubiriwi: pamoja na mateso (Marko 10, 30). Naye mwenyewe, aliyekuwa tajiri, alijifanya maskini kwa ajili ya watu (2 Wakorinto 8, 9). Kama umaskini ni alama ya imani haba, itasemwaje juu ya Mwana wa Mungu aliyezaliwa horini?

IV. Ushahidi wa mlima

Watu wa Goma hawahitaji kutafuta mbali mfano wa jambo hili. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa mawe yaliyoyeyuka ukapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Maduka, shule na nyumba za watu maelfu kwa maelfu viliteketea, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu nalo likaharibiwa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukawaka tena, ukaangamiza vijiji vya kaskazini mwa mji.

Moto ule haukuuliza ni nani aliyetoa fungu la kumi na ni nani aliyelizuia. Altare na baa viliungua pamoja. Je, walioponyoka na mali yao walikuwa watakatifu kuliko waliopoteza yote? Bwana alikwisha kulijibu swali hilo alipoambiwa juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: hawakuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu (Luka 13, 4-5). Kila mmoja aliitwa kutubu, wala hapakuwa na ruhusa ya kumhesabia jirani dhambi kwa kutazama majivu ya nyumba yake.

V. Karani wa ukaguzi aliyekataa fedha

Mji huo huo umelipa Kanisa mfano mwingine, ulio mkubwa kuliko ule wa mlima. Floribert Bwana Chui Bin Kositi alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968, na pamoja na wenzake akawahudumia watoto wa mitaani na kuwasaidia kusoma. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali ya Congo ya ukaguzi wa bidhaa. Wajibu wake ulikuwa kuchunguza vyakula vilivyopita mpakani, na kuvizuia vile vilivyoharibika visiuzwe sokoni.

Kila aujuaye mpaka wa Goma na Gisenyi anaelewa majaribu ya kazi hiyo. Waswahili husema: penye udhia, penyeza rupia. Waliotaka kupitisha chakula kilichooza walimtolea fedha. Akazikataa. Wakamsihi, wakamtisha, akazikataa tena. Alimweleza rafiki yake mmoja, sista aliye mganga, kwamba fedha zile zingekwisha upesi, lakini watu ambao wangekula chakula kile wangepatwa na nini? Tena alijiuliza kama kweli anaishi kwa ajili ya Kristu au sivyo. Mwaka 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, naye alikuwa na umri wa miaka 26.

Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana mjini Kinshasa tarehe 2 Februari 2023. Mwezi wa Novemba 2024 Kanisa lilikiri kwamba aliuawa kwa chuki juu ya imani. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini Goma. Na tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, huko Roma, Floribert alitangazwa Mwenye Heri.

Sasa msomaji na apime mwenyewe. Lau kijana yule angalizipokea fedha zile, angaliweza kujenga nyumba, kununua gari, na kusimama mbele ya mkutano akishuhudia kwamba Mungu amembariki. Watu wangalipiga makofi, wala hakuna ambaye angalijua habari za watoto walioumwa matumbo kwa kula mchele ule. Alizikataa, na kwa macho ya dunia hakupata kitu ila kaburi. Basi mafundisho yapimayo neema kwa fedha hayana njia ya kutofautisha baraka na rushwa, maana noti ni zile zile. Hutazama kilichoingia mkononi. Hayaulizi kimetoka wapi, wala ni nani atakayekilipia. Mkristu yampasa kuuliza hayo kwanza.

Ndivyo Yohane Mbatizaji alivyowafundisha watoza ushuru waliomjia: hakuwaambia waache kazi, bali wasitoze zaidi ya walivyoamriwa (Luka 3, 12-13). Ndivyo alivyofanya Zakayo naye: wokovu uliingia nyumbani mwake siku ile ile mali ilipoanza kutoka, nusu kwa maskini, na mara nne kwa aliowadhulumu (Luka 19, 1-10).

VI. Kosa la upande wa pili

Mtu asidhani kwamba Kanisa linasifu njaa. Wako waliosema kwamba maskini avumilie tu, thawabu yake iko mbinguni. Na waliosema hivyo mara nyingine walikuwa wameshiba. Umaskini ambao Yezu anauita heri ni uhuru wa moyo usiotawaliwa na mali. Ufukara uletwao na dhuluma, vita na mishahara isiyolipwa ni uovu wa kupigwa vita. Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitetea haki ya mfanyakazi kupata ujira wa kumtosha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba Mungu aliiumba dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote (Gaudium et Spes, namba 69). Na Mtakatifu Basili, askofu wa karne ya 4, alikwisha kusema kwamba nguo iliyofungiwa sandukuni ni mali ya aliye uchi.

Basi kutafuta riziki kwa jasho, kuweka akiba, kupanua biashara na kumsomesha mtoto si ukosefu wa imani, ni wajibu. Kivu ni nchi yenye udongo mzuri na madini mengi. Wakazi wake wakikosa chakula, mkatekista asitafute sababu katika sala zao pungufu. Aitafute katika bunduki, katika rushwa, na katika mizani ya uongo.

Tena kosa la mafanikio haliko nje ya Kanisa tu. Mkatoliki anayetoa nia ya Misa kama mtu alipaye bei ili apate kazi, au avaaye medali kama hirizi ya biashara, anatembea njia ya Simoni mchawi, aliyetaka kununua kipaji cha Mungu kwa fedha (Matendo 8, 18-24). Kuomba riziki ni vema, kwani Bwana mwenyewe alifundisha kuomba mkate. Kumfanyia Mungu biashara ndiko kunakokatazwa.

VII. Jibu kwa mchuuzi

Mkatekista atamjibu nini basi yule aliyeuliza? Amwambie hivi: "Ndugu, hukuachwa. Usimhukumu jirani yako, kwani huenda nyumba yake ameijenga kwa kazi halali; wala usijihukumu mwenyewe kwa sababu ya sufuria tupu. Karo ya mtoto usiitoe iwe mbegu, maana kumsomesha ni sadaka impendezayo Mungu."

Kisha, akiisha kusema hayo, asiondoke. Na ajiulize kwa nini yule jirani alihama. Pengine aliugua mwezi mzima, na hakuna mtu wa jumuiya aliyebisha mlangoni pake. Kule alikokwenda walimjua kwa jina. Neno la kweli likitoka kwa watu wasiotembeleana haliwezi kumshibisha mtu. Jumuiya inayochangia unga kwa mgonjwa, inayoweka akiba pamoja kwa daftari lililo wazi, isiyopunja kipimo sokoni, hiyo ndiyo hoja ambayo mchuuzi ataielewa bila kufafanuliwa.

Maswali ya kujikumbusha

1. Fungu la kumi katika Sheria ya Musa lilikuwa kwa ajili ya nani?
2. Kwa nini rafiki za Yobu walikemewa?
3. Floribert Bwana Chui alijiuliza nini juu ya fedha alizotolewa?
4. Umaskini wa heri na ufukara wa dhuluma vyatofautianaje?

Azimio la juma

Kila mmoja katika jumuiya achunguze fedha iliyoingia mkononi mwake juma hili: imetoka wapi, na ni nani aliyeilipia? Kama amepunja, arudishe. Kama hakupunja, amtafute jirani mmoja asiyetembelewa, abishe mlangoni pake kabla ya Dominika.