Silabu haijamaliza kila kitu: vidokezo kwa wanafunzi wa Bunia

Wiki ya mitihani ikifika, pita ISP (chuo cha ualimu) au Chuo Kikuu cha Bunia: silabu mkononi, midomo inachezacheza. Watu wanakariri. Akili wanazo, ila wengi wanaamini elimu imeishia kwenye karatasi za profesa, na kwamba hesabu ni za wavulana.

1. Jiulize unaamini nini. Mtafiti William Perry aliwahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na katika kitabu chake cha 1970 akaeleza kwamba wengi huanza wakidhani kila swali lina jibu moja na mwalimu analo. Karibu wote aliowategemea walikuwa wanaume. Mwaka 1986 mtafiti Mary Belenky na wenzake watatu wakachapisha mahojiano na wanawake 135, na baadhi yao walikuwa wamezoea kunyamaza na kupokea tu. Hawakuzaliwa hivyo, walizoeshwa.

2. Badilishaneni kazi kwenye TP (kazi za vitendo). Hili nalisisitiza kuliko yote. Kundi la watu sita, wasichana wawili: dada mwenye mwandiko mzuri anapewa kunakili kwenye karatasi safi, kaka anasimama mbele kuitetea kazi. Profesa akiuliza, anayehangaika kujibu ndiye anayejifunza. Aliyenakili kurasa kumi anaondoka na maumivu ya vidole. TP ijayo dada atetee, kaka anakili. CP, wewe kiongozi wa darasa, lisimamie hilo.

3. Andika swali pembeni ya kila ukurasa. Silabu ya kabla ya 2019 itakwambia Ebola haina dawa. Mwaka huo huo, majaribio yaliyofanyika kwa jirani zetu wa Kivu Kaskazini, Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa miongoni mwa viongozi wake, yalionyesha dawa mbili zinazookoa watu. Aliyekariri tu amebaki nyuma.

4. Wazazi, msimchagulie binti sekisheni kwa sababu ni binti. Sandrine Mubenga, Mkongomani mwenzetu, ni profesa wa uhandisi wa umeme huko Toledo, Marekani. Mwulizeni binti yenu anapenda nini, kisha msikilize jibu lote.

5. Gawaneni kazi za nyumbani. Anayefungua daftari saa tatu usiku, ameshachota maji, amepika sombe na kuosha vyombo, atakariri haraka haraka hata kama angependa kuelewa. Kaka, chukua bidoni uende kwenye bomba.