KIZIMBA CHA PANYA WEUPE

Walimu na wanafunzi wengine hupenda kufuga panya weupe, ama kwa mafundisho ya viumbe, ama kwa kujifurahisha. Si jambo baya, maana mtoto apewaye mnyama wa kumtunza hujifunza usafi na huruma. Lakini twawakumbusha wasomaji wetu kwamba panya akitoroka, hasara si ya mwenyewe peke yake. Huingia ghalani, akala mahindi na kuyachafua kwa mkojo. Tena panya jike huchukua mimba siku 19 hadi 21 tu, na mara nyingi huzaa watoto sita au zaidi. Basi atakaye kufuga na atengeneze kizimba kwanza, ndipo atafute panya.

Kipimo. Majike watatu yawatosha kizimba chenye urefu wa futi 2, upana wa futi 1 na kimo cha futi 1. Dume akae mbali nao, la sivyo kizimba kitajaa upesi.

Kuta. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, naye huyapunguza kwa kuguguna. Kwa hiyo fremu iwe ya mbao ngumu, na wavu upigiliwe upande wa ndani, ili meno yasifikie mbao. Wavu wa kuku haufai, kwa kuwa matundu yake ni makubwa. Wala wavu wa mbu, kwa kuwa ni mwembamba. Tafuteni waya mgumu wenye matundu yasiyozidi robo inchi. Msifunge pande zote kwa mbao au bati, maana harufu kali ya mkojo hudhuru mapafu ya panya.

Sakafu. Waya huumiza nyayo. Chukueni debe kuukuu, lioshwe vema, likatwe na kunyoshwa, na kingo zake kali zikunjwe. Bati hilo litandikwe chini na kupandishwa ukutani inchi 2, kisha litiwe maranda makavu, yabadilishwe kila juma.

Mlango. Uwe mdogo, wa kupitisha mkono tu, na kingo zake zivikwe bati. Ufungwe kwa komeo la chuma, si kwa kamba, kwani kamba italiwa usiku mmoja.

Kazi ikiisha, twaeni kalamu ya risasi mkaijaribu katika kila pembe na kandokando ya mlango. Ikipita, panya naye aweza kupita. Pazibwe kwa bati kabla ya kumtia mnyama.

Kizimba kiwekwe kivulini, juu ya meza ambayo miguu yake imesimama ndani ya makopo ya maji, ili siafu wasipande. Maji ya kunywa yabadilishwe kila siku.

Neno la mwisho: msitie kizimbani panya aliyekamatwa nyumbani au porini. Mwaka 1898 daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, alionyesha kwamba viroboto wa panya huambukiza tauni. Na watu wa Lushoto waliujua ubaya wa ugonjwa huo ulipozuka kwao mwaka 1980. Hata baada ya kushika panya weupe, kila mtoto anawe mikono kwa sabuni. Mwalimu atakayeshika haya atakuwa na somo zuri darasani, na majirani hawatakuwa na neno juu yake.