Somo la 14: Kutoa Thamani Ndani ya Fankisheni

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba kigeu ni jina linaloshika thamani katika programu. Tulijifunza pia kwamba fankisheni ni kundi la maagizo lililopewa jina, ili kompyuta ilitekeleze kila liitwapo. Leo tutajifunza namna ya kutoa thamani ndani ya fankisheni ili itumike nje.

Umewahi kupeleka mahindi mashineni? Mahindi huingia juu, unga hutoka chini, nawe hukinga debe. Usipokinga, unga humwagika. Fankisheni nayo huhitaji mdomo wa kutolea na chombo cha kupokelea.

Jaribio la 1

Bustani ya shule ina urefu wa meta 8 na upana wa meta 5. Andika maagizo haya katika lugha ya Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Mstari wa pili uanze baada ya nafasi nne.

def pima(urefu, upana):
    eneo = urefu * upana

pima(8, 5)
print(eneo)

Umeona nini? Kompyuta haikuonyesha 40. Ilitoa ujumbe wa kosa, kwamba jina eneo halijulikani. Hesabu ilifanyika, lakini kigeu hicho kiliundwa ndani ya fankisheni, kikatoweka fankisheni ilipomaliza kazi. Kigeu cha namna hii huitwa kigeu cha ndani.

Jaribio la 2

Sasa andika hivi:

def pima(urefu, upana):
    eneo = urefu * upana
    return eneo

bustani = pima(8, 5)
maji = bustani * 6
print(maji)

Agizo return ndilo mdomo wa mashine. Jina bustani ndilo debe: limepokea 40. Ikiwa kila meta ya mraba humwagiliwa lita 6, bustani yote yahitaji lita 240.

Angalia: agizo print huonyesha jibu kwenye kioo tu. Ukiliweka mahali pa return, utaiona 40, lakini debe litabaki tupu na hesabu ya maji itashindikana.

Thamani zaidi ya moja

Fankisheni yaweza kutoa thamani mbili pamoja. Zitenganishe kwa mkato, na uweke majina mawili ya kuzipokea:

def pima(urefu, upana):
    eneo = urefu * upana
    mzingo = 2 * (urefu + upana)
    return eneo, mzingo

bustani, ua = pima(8, 5)

Thamani hupokelewa kwa mpangilio zilivyotolewa. Bustani hupata 40, na ua hupata 26. Ukigeuza majina, utanunua waya wa ua meta 40 badala ya 26.

Zoezi

1. Kigeu cha ndani ni nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya print na return?
3. Andika fankisheni itakayopokea idadi ya madaftari na bei ya daftari moja, kisha itoe gharama yote. Ipokee gharama hiyo nje, uitoe katika shilingi 10,000 ili kupata chenji.